Mshairi akiongea redioni, mwite mwanao asikilize

Huku kwetu korosho zimeanza kudondoka, na mwenye shamba anajua maana yake. Mtoto akitoka shule anapitia mikoroshoni kwanza, mama anakaa chini kutenganisha korosho na mabibo, baba anawaza magunia na mnada. Pembeni, juu ya kigogo au ndani ya ndoo iliyogeuzwa, kuna redio ndogo inayoongea tangu asubuhi. Inatupa bei, matangazo ya misiba, mpira na muziki.

Kuna kipindi ambacho kikianza wengi wetu tunanyoosha mkono kubadilisha stesheni. Ni pale mtangazaji anaposema, "Leo studioni tupo na mshairi, atatueleza maisha yake na kazi yake." Tunaona hayo ni mambo ya walimu wa Kiswahili. Tunatafuta mpira.

Wiki hii nawaomba wazazi mrudishe mkono chini, na zaidi ya hapo mumwite mtoto akae karibu. Mazungumzo ya aina hiyo yana funzo la malezi ambalo ni vigumu kulipata mahali pengine. Yanatuonyesha namna ya kumuuliza mtu maswali mpaka akasema lililo moyoni, bila kumtisha na bila kumkatiza. Nyumba nyingi zina watu wanaopendana sana lakini hawajui kuulizana.

Barua ya baba wa Newala

Nilipata ujumbe kutoka kwa baba mmoja wa Newala. Nimemwomba ruhusa ya kuuleza hapa bila jina lake, naye amekubali. Binti yake yuko kidato cha pili. Siku moja baba akitafuta kalamu alifungua daftari la binti, akakuta kurasa za nyuma zimejaa mashairi. Alikasirika. Aliniandikia hivi: "Mimi nauza korosho nimlipie mahitaji ya shule, yeye anapanga vina. Ushairi haujazi sufuria. Nimkataze?"

Kisha, ili nione jinsi mtoto anavyopoteza muda, akaniandikia beti tatu kutoka kwenye lile daftari.

Sitazichapa, kwa sababu ni mali ya binti na hakuulizwa. Ila nitasema zinahusu nini. Zinahusu njia ya kwenda shule, mahali ambapo mikorosho imefungamana, na pikipiki ambayo kila alfajiri inapunguza mwendo pale pale. Nilizisoma mara mbili. Baba alikuwa amehesabu vina na mizani akaona ni upuuzi, lakini habari iliyobebwa na vile vina ilimpita.

Nitarudi kwa baba huyu baada ya muda. Kwanza tuangalie namna watu walivyowasikiliza washairi na waimbaji wa nchi hii ya kusini, maana ndani yake kuna jibu lake.

Wimbo ulionaswa, mwimbaji akaachwa

Watu wengi wanadhani sauti zetu zilianza kurekodiwa juzi, simu za mkononi zilipoingia. Sivyo. Mwaka 1906, mwaka mmoja baada ya Vita vya Maji Maji kuanza, Mjerumani mmoja aitwaye Karl Weule alifika huku akitokea Lindi. Alipita Masasi, Chingulungulu, akapanda uwanda wa juu mpaka Newala, kisha Mahuta. Wapagazi wake walibeba kamera, mashine ya picha za sinema, na fonografu, ile mashine ya zamani iliyonasa sauti kwenye mitungi ya nta. Alirekodi nyimbo za Wayao, Wamakua, Wamakonde na watu wengine aliokutana nao. Mwaka 1908 alitoa kitabu cha safari hiyo.

Mmoja wa waliotajwa katika kitabu hicho ni mwimbaji kipofu aliyeitwa Sulila, aliyepigwa picha mbele ya boma la Masasi. Hebu fikiri: mtu wa Masasi, asiyeona, anaimba mbele ya pembe la mashine iliyotoka Ulaya, zaidi ya miaka mia moja iliyopita.

Fonografu ilikuwa na masharti yake. Mwimbaji alitakiwa aelekeze mdomo kwenye pembe na asigeuke geuke. Mtungi mmoja wa nta ulibeba dakika mbili au tatu tu, na wimbo usipoisha unakatwa. Watu wa huku hawaimbi wakiwa wamesimama kama nguzo. Wimbo wetu una kiitikio, una makofi, una miguu. Mashine ilichukua kipande cha sauti, mwili ukabaki nje.

Kilichobaki nje zaidi ni maisha ya mwimbaji. Zile dakika mbili au tatu zilikuwa za wimbo. Hazikuwa na nafasi ya kumuuliza: nani alikufundisha? Wimbo huu ulimtungia nani? Ulipoteza macho lini, na tangu hapo unawaonaje watu? Vita vya mwaka jana vilikukuta wapi?

Weule hakuwa peke yake katika hilo. Hata sisi tunafanya vivyo hivyo majumbani. Bibi akianza kuimba harusini tunatoa simu, tunarekodi nusu dakika, tunaweka kwenye status, kesho yake imefutika. Tumepata wimbo, lakini bibi hatujamuuliza chochote.

Redio ilileta nini

Redio yetu ilianza mwaka 1951 kwa jina la Sauti ya Dar es Salaam. Mwaka 1965 ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam, ile ambayo wazee bado wanaiita RTD. Kabla ya hapo mashairi yalisomwa magazetini. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, lilikuwa likichapa mashairi ya wasomaji kutoka kila pembe ya nchi. Wakati huo ulimjua mshairi kwa jina lake, au kwa lakabu yake tu. Akilimali wa Tabora alijulikana kama Snow-White. Amiri Andanenga alijiita Sauti ya Kiza. Ukiona lakabu ya namna hiyo chini ya shairi, mtu yeyote atajiuliza: kwa nini kiza? Gazeti halijibu. Linachapa beti na kufunga ukurasa.

Redio iliongeza sauti. Kipindi kama Malenga Wetu cha Radio Tanzania kiliwafanya watu wa vijijini, hata wasiojua kusoma, wasikie shairi likighanwa kama linavyotakiwa. Na pale mshairi alipokaa na mtangazaji wakaongea, mambo mapya yakaanza kutoka: kikohozi, kicheko, kigugumizi kidogo kabla ya kutaja jina la marehemu mke. Msikilizaji akagundua kwamba mashairi yanatungwa na binadamu mwenye deni dukani na mtoto mgonjwa nyumbani.

Chukua mfano wa Abdilatif Abdalla, mzaliwa wa Mombasa. Alifungwa mwaka 1969 kwa sababu ya karatasi aliyoandika kuikosoa serikali ya Kenya, akatoka mwaka 1972. Mashairi aliyoyatunga gerezani yalitoka mwaka 1973 katika diwani ya Sauti ya Dhiki. Ukiisoma diwani hiyo peke yake utaona ufundi mkubwa wa lugha. Lakini ukimsikia mwenyewe akihojiwa, akieleza kwamba aliandika mashairi yale kwa siri kwenye karatasi za chooni, unakisoma kitabu upya. Baada ya kutoka gerezani alikuja Tanzania akafanya kazi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kisha mwaka 1979 akaenda London kutangaza katika idhaa ya Kiswahili ya BBC. Mshairi mwenyewe akageuka kuwa mtu wa redio.

Au chukua Haji Gora Haji wa Tumbatu, Zanzibar. Alikuwa mvuvi na baharia kabla diwani yake ya Kimbunga haijatoka mwaka 1994. Shule yake kubwa ilikuwa bahari. Mtoto wako anayedhani kwamba mshairi lazima awe mtu wa miwani na shahada, akielezwa maisha ya mzee huyu atashangaa, na pengine atamtazama kwa jicho jingine yule babu yake anayeshinda shambani.

Je, ushairi haujazi sufuria?

Sasa turudi kwa baba wa Newala. Hoja yake ya kwanza ni ya chakula, na mimi siidharau. Mwaka ambao bei ya korosho imeanguka, nyumba nzima inajua. Baba ana haki ya kuuliza kazi ya mwanawe itakuwa nini.

Lakini maisha ya washairi wetu wakubwa yanajibu hoja hiyo vizuri. Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali kwa miaka mingi. Mathias Mnyampala wa Dodoma alikuwa hakimu. Sheikh Amri Abedi, aliyetuandikia kitabu cha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954, alikuwa sheikh, akawa Meya wa Dar es Salaam, akawa waziri. Haji Gora alivua samaki. Hawa wote walikuwa na kazi zao, na ushairi haukuwazuia kuzifanya. Ulikwenda sambamba na kazi, usiku, kwa mwanga wa taa.

Tena ushairi uliwasaidia katika kazi zenyewe. Anayepanga mizani anajifunza kuchagua neno, kuhesabu, kufupisha na kumaliza alichoanza. Mwalimu yeyote wa kidato cha pili atakwambia mwanafunzi mwenye uwezo huo ni hazina. Kwa hiyo baba, daftari lile halimpunguzii binti masomo. Likipangiwa muda wake, litamwongezea.

Na usisahau kwamba ushairi ni kitu cha nyumba tangu zamani. Shaaban Robert alimtungia binti yake Mwanjaa utenzi mmoja na mwanawe Suleiman utenzi mwingine, awaachie maadili. Miaka mingi nyuma yake, mwaka 1858, Mwana Kupona binti Mshamu, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake Mwana Hashima utenzi wa wosia. Zaidi ya miaka 160 imepita na bado tunausoma. Wazazi hao walijua kwamba kuna maneno ambayo ukiyasema kwa kawaida mtoto anayasahau kabla ya chakula cha jioni, lakini ukiyapa vina anatembea nayo maisha yake yote.

Hoja ya pili ni nzito zaidi

Watu wazima huandika mashairi kuhusu mambo yasiyosemeka hadharani. Watoto nao hufanya hivyo. Binti anaweza kushindwa kumwambia baba yake, "Kuna mtu ananisimamisha njiani." Anaona haya, anaogopa kuambiwa ni yeye aliyejitakia, anaogopa kuachishwa shule. Lakini anaweza kuandika beti tatu kuhusu pikipiki inayopunguza mwendo.

Sikuweza kusubiri mpaka gazeti litoke. Nilimjibu baba siku ile ile. Nilimwambia asiulize habari za vina. Afanye kama mtangazaji mzuri anavyofanya na mshairi studioni.

Mtangazaji mzuri haanzi na hukumu. Hasemi, "Shairi lako lina makosa." Anaanza kwa heshima: "Asante kwa kuja." Anauliza kwa upole: "Ulipotunga hili ulikuwa wapi? Nini kilikuwa kimetokea?" Kisha ananyamaza. Ule ukimya ndio kazi kubwa kuliko zote. Mtangazaji mchanga anauogopa, anaujaza kwa maneno yake, na mgeni anaponyoka. Mtangazaji mzoefu anasubiri, na mara nyingi jambo lenyewe hutoka baada ya ukimya.

Basi nikamwambia: kwanza mrudishie daftari kwa mikono yako, umwambie ulilifungua na uliyoyasoma. Usijifanye hujui. Kisha mwambie, "Mwanangu, nimesoma habari za njia. Nieleze." Ukishasema hivyo nyamaza, hata kama dakika tano zitapita. Akianza kulia usimwambie anyamaze. Akimaliza, usiseme, "Kwa nini hukusema mapema?" Swali hilo linafunga mlango. Sema, "Umefanya vizuri kuniambia."

Baada ya hapo ni kazi ya mtu mzima. Asimwache apite peke yake kesho. Aongozane naye au apange watoto watembee pamoja. Azungumze na mwalimu wa malezi shuleni. Jambo likiwa zito aende Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Nchi yetu ina simu ya watoto, namba 116, inayopigwa bila malipo, na mzazi au mtoto anaweza kuipiga. Tangu marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016, anayempa mimba mwanafunzi anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Mzazi asikubali kumaliza jambo la namna hii kwa faini ya mbuzi chini ya mwembe.

Baba alinijibu baada ya siku tatu. Ujumbe wake ulikuwa mfupi: "Nimemsikiliza. Kumbe alikuwa anabadilisha njia kila siku, anazunguka mbali, ndiyo maana alikuwa anachelewa na mimi nikimgombeza. Sasa nampeleka mwenyewe." Hakuongeza habari za vina, nami sikuuliza.

Washairi tulio nao nyumbani

Sasa niwageukie ninyi mnaosema, "Sisi hatuna mshairi katika ukoo." Si kweli. Kusini kuna washairi tangu zamani. Mwalimu Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi alitunga utenzi wa Vita vya Maji Maji, uliochapishwa kama kitabu mwaka 1957. Halila Tongolanga aliimba kwa Kimakonde, na redio ikawafanya hata wasiojua neno moja la Kimakonde wacheze. Na katika kila kijiji cha Masasi na Newala yupo mama anayejua kutunga wimbo wa harusi papo hapo kwa jina la bwana harusi, na yupo mzee ambaye ngoma haianzi mpaka afike.

Hawa wanatunga kwa Kimakonde, Kimakua, Kiyao au Kimwera. Redio zetu hutangaza kwa Kiswahili, kwa hiyo mara nyingi hawapati kiti studioni. Watoto wetu nao, hasa waliokulia mjini, hawasikii tena lugha hizo vizuri. Bibi akiimba, mjukuu anacheka kwa sababu haelewi. Bibi akiona anachekwa, ananyamaza. Siku akiondoka, anaondoka na nyimbo, na hakuna fonografu wala redio itakayozirudisha.

Hapa ndipo mzazi anapotakiwa kugeuza sebule kuwa studio. Hauhitaji mtambo. Simu unayosomea makala haya inatosha. Nawapa utaratibu ambao familia kadhaa zimeujaribu.

*Mpe mtoto kazi ya kuhoji.* Bibi anaweza kukataa kuhojiwa na mwanawe, lakini mjukuu hakataliwi. Mtoto wa miaka kumi na moja anatosha. Wewe kaa kando, ushike simu tu.

*Chagua wakati wa mikono kufanya kazi.* Wazee huongea vizuri wakiwa wanachambua mbaazi, wanamenya muhogo au wanakula ming'oko. Ukimkalisha kwenye kiti umwambie "ongea", atakauka. Epuka saa za upepo mkali, zima televisheni, weka simu karibu naye juu ya kitambaa ili isichukue mtikisiko wa meza.

*Omba ruhusa, kwa maneno.* Mtoto aseme: "Bibi, naomba nirekodi sauti yako, tuitunze nyumbani. Unakubali?" Jibu lake liwe mwanzoni mwa rekodi. Bibi akisema tusipeleke kokote, basi isiende kokote, hata kwenye kundi la ukoo.

*Anza na maisha, wimbo uje baadaye.* Maswali yawe mafupi na yasiyojibiwa kwa ndiyo au hapana. Nani alikufundisha kuimba? Wimbo wa kwanza kuutunga mwenyewe ulikuwa wa nini? Siku ile maji yalitoka wapi, na ulitembea umbali gani kuyafuata? Vijana wa Newala waliozaliwa wakati wa mabomba hawajui kwamba katika uwanda huu wa juu safari ya maji ilikuwa kushuka bondeni na kupanda tena na mtungi kichwani. Nyimbo ngapi zilitungwa katika kupanda kule?

*Kisha aimbe, na umwache amalize.* Usikate kwa sababu chaji inakaribia kuisha. Chaji simu kabla. Akiisha, mtoto aulize maana ya kila mstari, na bibi aeleze kwa lugha anayoweza. Hapo mtoto anajifunza maneno kumi ya lugha ya kwao bila kujua kuwa anafundishwa.

*Tunza mahali pawili.* Simu zinaibiwa na memori kadi zinaharibika. Hamishia kwenye kompyuta ya ndugu au kadi nyingine. Andika kwenye daftari jina la aliyeimba, kijiji, tarehe na lugha. Rekodi isiyo na jina, baada ya miaka kumi, ni kelele tu.

Yasiyorekodiwa

Kuna jambo la kuangalia. Nyimbo za jando na unyago nyingi zina mipaka yake. Zimetungwa kwa ajili ya wale walioingia, na kwa saa maalum. Kungwi akimwambia mjukuu, "Huu hapana, muda wako haujafika," mzazi usimlazimishe kwa kusema ni utamaduni lazima uhifadhiwe. Mwenye wimbo ndiye mwenye uamuzi. Hata redioni mtangazaji mwenye adabu akiambiwa na mgeni "hilo tuliache", analiacha.

Kukataa huko nako kuna mafunzo. Mtoto anaona kwamba mtu mzima anaheshimiwa akisema hapana. Katika dunia hii ambako kila kitu kinapigwa picha na kurushwa, hilo ni somo atakalolihitaji siku mtu atakapomwomba yeye picha asiyotaka kuitoa.

Na wewe mzazi je?

Wengine wataniambia, "Mimi sina muda, msimu umeanza, mnada hausubiri." Naelewa. Ndiyo maana nilianza na redio. Redio haikutoi shambani. Kipindi cha mshairi kikija, acha kiende. Kikiisha, muulize mtoto swali moja tu: "Katika aliyoyasema, lipi limekugusa?" Sikiliza jibu lake hadi mwisho kabla hujasema lako. Mkizoea hivyo, siku mtoto atakapokuwa na jambo lake zito, atakuwa anajua tayari kwamba katika nyumba hii mtu akiulizwa, anasubiriwa ajibu.

Shuleni watoto wetu wanafundishwa ngonjera. Kila mzazi aliyewahi kuhudhuria mahafali ya darasa la saba amezisikia, na Mnyampala ndiye aliyezipa sifa kubwa kwa vitabu vyake vya mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ngonjera ni ushairi wa watu wanaojibizana: mmoja anauliza au anapinga, mwingine anajibu, na mwisho wanaelewana. Watoto wanaijua jukwaani. Nyumbani wanakutana na baba anayeuliza na kujijibu mwenyewe.

Basi kazi ya wiki hii ni ndogo. Tafuta mtu mmoja katika nyumba yako ambaye unazijua nyimbo zake, au utani wake, au hasira zake, lakini hujui zilianzia wapi. Anaweza kuwa mama mkwe, anaweza kuwa kijana wako wa miaka kumi na sita anayevaa spika masikioni kutwa nzima. Kaa naye, muulize, kisha nyamaza.

Mkipata kisa mnachopenda wengine wakisikie, na mwenyewe ameridhia, kileteni katika safu hii. Wiki ijayo tutazungumzia fedha za msimu: namna mume na mke wanavyoweza kukaa pamoja kuzipangia matumizi kabla malipo hayajaingia. Mpaka hapo, nawatakia mavuno mema na nyumba zenye amani.